Kabichi Iliyooza Ndani ya Simu

Jumatano moja mchana, moziki yetu nzima iliingia uani kwangu, mtaa wa Mangobo, kunihukumu kwa sababu ya kabichi ambayo haijawahi kuota kwenye udongo wa Mungu.

Kabichi ya kwenye simu.

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, beseni la sombe, majani ya muhogo, mbele yangu, mikono kijani hadi kwenye viwiko. Waliingia wamevaa kitenge cha sare. Hakuna aliyebisha hodi, hakuna aliyesalimia.

Kwa asiyejua, moziki ni chama cha akina mama. Ukifiwa wanakuja, ukizaa wanakuja, ukioza binti wanakuja. Lakini wakija na sare siku ya kawaida, basi kuna maiti au kuna vita.

Maiti sikuiona.

"Mama Safi," akasema Georgette, présidente wetu, mikono kiunoni. "Juu ya nini umeua kabichi?"

"Kabichi gani?"

"Usijifanye! Kabichi yetu wote ya concours, ya mashindano! Ilikuwa zamu yako ya kumwagilia. Umeiacha imekauka, imeoza, imekuwa nyeusi kama makaa. Sasa bamama ya mtaa wa Makiso wamebeba kombe, wako natucheka soko muzima!"

"Mimi sina kabichi. Sichezi huo upuuzi, na unajua."

Wakacheka. Si kicheko kizuri.

Hapa nieleze kidogo, maana kuna watu watasema huyu mama hajui michezo ya simu, ni mshamba tu.

Najua. Mimi mwenyewe ni mchezaji. Nina mchezo wangu wa lori: lori linakwama kwenye matope, unashuka, unatafuta mbao, unasukuma, linakwama tena. Hakuna mwingine anayeupenda. Safi, binti yangu, ananiambia, "Mama, hiyo si mchezo, hiyo ni barabara ya Buta." Sawa. Angalau haunidanganyi.

Michezo wanayoipenda wote ndiyo inayonitia kichefuchefu. Ule wa bunduki, vijana wa mtaa wanaupigia kelele kutwa. Mimi wakati wa ile vita ya siku sita ya hapa mjini kwetu nililala chini ya kitanda na mama yangu juu ya mgongo wangu. Sitanunua mega za intaneti ili niisikie tena.

Na huu wa shamba, aliouleta Georgette mwezi wa tatu, ndio mbaya kuliko yote.

Nina diploma ya kilimo. Nina bustani ya lengalenga, mchicha wetu, kando ya mto Tshopo na kibanda cha mbegu sokoni. Sasa mtu ananionyesha muhogo unaoiva kabla chai haijapoa! Mvua ya kubonyeza! Shamba lisilo na mbuzi wa jirani, lisilo na panzi, lisilo na mgongo unaouma! Na kila mara jogoo wa simu anawika, hata kanisani, mama mtu mzima anainamisha kichwa si kwa sala, anavuna biringanya.

Nilisema hivyo hivyo kwenye mkutano. Nikasema mchezo huu ni wa watu ambao hawajawahi kushika jembe, na waliowahi wakasahau.

Georgette hakupenda. Alisema kila mwanamoziki atakuwa na bustani yake mle ndani na kumwagilia za wenzake. Asiyecheza si wetu.

Nikaondoka. Nikadhani yamekwisha.

Sasa tuko uani, na Georgette ananisogezea simu usoni.

"Na huyu nani?"

Nikaangalia. Bustani safi, iliyopaliwa vizuri. Juu yake jina: Mama Safi. Na picha yangu! Ile ya tarehe nane Machi, nimefunga kilemba.

"Si mimi," nikasema.

"Si wewe! Miezi yote hii unatumwagilia, unatupa ndizi zako, unatuandikia maneno matamu, leo si wewe?"

Hapo ndipo nilianza kuelewa mambo fulani. Kwa miezi kadhaa wenzangu walikuwa wananishukuru. Ramla, anayeuza vitenge jirani na kibanda changu, alinishika mkono siku moja akasema, "Asante ya yale maneno, mama, Mungu akulipe." Nilidhani ananikejeli. Nilimwambia aniache nifanye kazi. Akatabasamu kama mtu anayenijua.

"Bon," akasema Georgette. "Hatutaki mutu wa sura mbili. Tumeamua. Jumamosi hatutakuya."

Mkono wangu ukasimama ndani ya sombe.

Jumamosi ilikuwa siku ya dot ya Safi.

Kwetu, siku ya dot, wakwe wakileta mahari, mama wa binti hagusi chungu. Anakaa amevaa, amenyamaza, kama malkia. Wanaopokea wageni, wanaotwanga lituma ya makemba, ndizi za kupikwa, wanaogawa samaki, wanaocheza mpaka vumbi linapanda, ni moziki. Wakwe wakikuta mama mwenyewe jikoni na jasho, wanaelewa jambo moja: binti huyu hana watu. Na binti asiye na watu, mawifi wanamfanya ngoma. Kila wakijisikia, wanapiga.

Pazia la mlango likafunguka. Safi akatoka, macho mekundu.

"Mama, uwaombe tu pardon! Ni kabichi!"

"Ni wewe uliyecheza kwa jina langu?"

"Mimi? Mimi na mitihani, na nguo za kushonesha? Mama, nakuapia!"

Namjua mwanangu. Hakuwa anadanganya.

Basi nani?

Kabla sijafungua kinywa tena, simu zikawika.

Zote. Kwenye mikoba, ndani ya sidiria, kwenye fundo la kitenge. Majogoo ya moziki nzima kwa pamoja, mpaka kuku wangu wa kweli wakakimbia.

Ramla akatoa yake, akasoma. Akasoma tena. Kisha kwa sauti.

"Mama Safi amemwagilia bustani yako."

Wote wakaangalia mikono yangu. Ilikuwa ndani ya beseni, kijani, mitupu.

"Audhubillahi," akasema Ramla.

"Ndoki! Muchawi!" akasema mwingine nyuma.

Georgette akarudi hatua moja. "Mama Safi, uko na mikono mingapi weye?"

Na hapo jogoo mwingine akawika. Huyu hakuwa uani. Aliwika ndani ya nyumba yangu, chumbani kwangu.

Chumbani alikuwemo mtu mmoja tu. Mume wangu, Timothée, mtumishi wa serikali, mtu wa tai na shati la kupigwa pasi. Alikuwa ameshuka kwenye baleinière, mashua ya mtoni, asubuhi ile, ametoka kazini Yangambi, ambako réseau ya simu inapatikana kwa maombi na kufunga. Aliniambia amechoka, analala.

Nikaingia bila kunawa.

Alikuwa amelala chali, amevaa singileti, simu karibu na pua. Kidole gumba kinakimbia. Na anatabasamu!

"Papa Safi."

Akaruka kama mtu aliyemwagiwa maji. "Kule wiki hii hakukuwa na réseau, mama. Nimekuta kabichi imeoza, nikasema angalau niwamwagilie wengine..."

"Toka nje."

"Nivae shati..."

"Toka hivyo hivyo."

Akatoka. Moziki ilipomwona na ile simu mkononi, mikono ya Georgette ikashuka kutoka kiunoni.

"Mlitaka Mama Safi," nikawaambia. "Huyu hapa."

Timothée akajieleza huku anaangalia kandambili zake. Alisema mwezi wa tatu alipita njiani akamsikia Georgette anasema asiyecheza atafutwa kwenye moziki. Akafikiria dot ya Safi. Akachukua picha yangu, akafungua bustani.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa!"

"Basi, mama. Ndiyo sababu."

Wakati huo nilimwona Ramla anabadilika rangi.

"Subiri kwanza," akasema polepole. "Mule ndani ya mchezo siye tunatumaka ma-audio. Kati yetu bamama. Mambo ya nyumba. Papa Safi... ulikuwa unasikiliza?"

Timothée akaficha simu nyuma ya mgongo.

"Na ile siku nimelia juu ya bwana yangu, nani aliniandikia: Pole dada, umusamehe, mwanaume ni mutoto mwenye ndevu?"

"Ni... ni mimi, mama."

"Nilimusamehe!" Ramla akapiga kelele mpaka jirani wakapanda kwenye ukuta. "Nilimusamehe ule mujinga juu ya mwanaume mwenzake!"

"Na yangu?" Georgette akauliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Ulisikia na yangu?"

"Ile ya mama mukwe na ile dawa ya..."

"Nyamaza!"

Uani kila mwanamke alikuwa anajihesabia moyoni aliyoyasema tangu mwezi wa tatu. Nilitamani kucheka, na nilitamani kumpiga mtu kwa mwiko. Sikujua nianze na lipi.

Lakini lililofuata sikulitegemea.

Mmoja akaguna. Akasema, "Lakini kweli, Mama Safi wa kwenye simu alikuwa na roho muzuri."

"Kabisa," akasema mwingine. "Alikuwa anasikilizaka mutu."

"Huyu wa hapa," Ramla akaninyooshea kidole, "ukimwambia una huzuni, anakuuliza umekula."

Sitawaficha: iliingia ndani.

Georgette, ambaye hakosi njia, akakohoa. "Bon. Alors, tusiharibu. Papa Safi aendelee na bustani. Tutafanya kama hatukujua. Ma-audio tutaacha, lakini maneno yake mazuri aandike. Na siye Jumamosi tutakuya wote na sare."

Nikamwangalia Timothée. Macho yake yalikuwa yanang'aa! Nikamwangalia Safi, amekunja mikono kifuani kama anasali.

Yaani dot ya binti yangu nitaipata kwa sharti kwamba mume wangu awe mimi. Na mimi niwe picha.

Nikachukua ile simu kwa mikono yangu ya sombe.

"Safi, inafutwa wapi?"

"Mama, tafadhali..."

"Nimekuuliza wapi."

Akanionyesha. Nikabonyeza. Bustani, ndizi, maneno matamu, vyote vikaenda.

"Aliyempenda Mama Safi wa kwenye simu, amefariki leo," nikasema. "Poleni sana. Aliyebaki ni huyu. Nimelala chini kwenye misiba yenu, nimewatwangia lituma kwenye sherehe zenu, sijawahi kumwomba mtu animwagilie kitu. Wakwe wanafika Jumamosi. Mwenye kuja, aje kwa ajili ya Safi, ambaye nyote mmembeba mgongoni. Asiyekuja, mlango ni ule."

"Utamenya makemba peke yako!" akasema Georgette.

"Nilianza kumenya kabla wewe hujajua kisu kina upande gani."

Wakatoka. Safi akalia mpaka jioni. Sikumbembeleza. Nilimpa chakula.

Jumamosi nilivaa kitenge changu kipya, nikakaa kwenye kiti barazani kama desturi inavyotaka. Sikugusa chungu.

Desturi inasema mama asiguse. Kuhusu baba haisemi kitu.

Timothée alikuwa jikoni tangu alfajiri, shati limelowa, anatwanga lituma. Mimi natoa amri kutoka kwenye kiti. "Chumvi! Usiache samaki waungue! Twanga, usibembeleze!"

Jua lilikuwa limepanda nilipoona mchi unakuja juu ya ukuta. Chini ya mchi alikuwa Ramla. Nyuma yake wachache wengine, wamevaa sare. Georgette hakuwemo.

Ramla akasimama mbele yangu, uso umekunjwa.

"Tumekuya kwa Safi," akasema. "Wewe hatukupendi."

"Sawa. Makemba yako kule nyuma."

"Na huyu?" Alimwangalia Timothée kama mtu anavyoangalia nyoka ndani ya ghala.

"Huyu ni mwenzenu wa moziki. Mpeni kazi."

Wakampa. Kuni, maji, masufuria ya kusugua, magunia. Kutwa nzima hakuna mwanamke aliyetaja mume, wala mama mkwe, wala ugonjwa wa mtoto akiwa karibu. Kila akikaribia, wanaimba nyimbo za kanisa, hata Ramla.

Wakwe wakafika. Wakala, wakanywa, akina mama wakacheza. Walikuwa wachache lakini vumbi lilipanda. Safi alitoka nyuma ya kanga, amependeza, na alipowaona wale waliokuja, mabega yake yakashuka kama mtu aliyetua gunia.

Kisha shangazi wa bwana harusi, mwanamke wa miwani na midomo mirefu, akachungulia jikoni. Akarudi kwangu.

"Yule mwanaume anayetwanga ni mutumishi wenu?"

"Hapana. Ni baba ya Safi."

Akashtuka. Akaangalia watu wake, sauti ikapanda ili wote wasikie. "Kwetu siye wanaume hawatwangake."

"Kwetu pia hawatwangi," nikamwambia. "Huyu anatumikia kifungo."

Aliyecheka kwanza alikuwa Ramla. Alicheka mpaka akaketi chini na sahani mkononi. Shangazi hakuuliza tena, na dot ilikubaliwa.

Na Georgette hatusalimiani mpaka leo. Ule mchezo wa shamba bado wanaupenda wote, na kila mtu ananiambia ni mimi peke yangu nisiyeona uzuri wake. Chezeni, vuneni, jogoo awike. Mimi nauchukia, na chuki yangu ina jina langu na uso wangu.

Ninachowaambia ni hiki. Usimruhusu mtu, hata awe mume wako, hata awe na nia njema, akawe mwema kwa watu kwa jina lako. Siku moja watakuja mlangoni kudai ule wema, na wewe ndani huna.