Nimeua treni yangu kwa nyundo, kumbe muuaji ni mafuta ya alizeti

Leo nimeua treni kwa nyundo.

Ile ndogo ya mezani, inayopata umeme kupitia reli, ninayoiendesha kwa simu. Tangu asubuhi inajikokota tu.

Nikaifungua injini, nikabadili mipangilio ya mwendo, wapi! Nikaitukana, nikaibamiza ukutani, nikaiponda mpaka magurudumu yakaruka.

Nikaweka treni ya pili relini.

Nayo ikajikokota!

Nikapitisha kidole kwenye reli. Mafuta ya alizeti, yameshikana na vumbi letu hili la Dodoma. Umeme utapitaje hapo?

Mama akachungulia mlangoni. “Mwanangu, jana nilizipaka reli zako mafuta, kama ninavyopaka cherehani yangu. Zinateleza vizuri?”

Nyundo bado iko mkononi. Jamani, nyie mngemjibu nini?

“Zinateleza sana, mama. Asante.”