Huyu Asikabwe

Harufu ya moshi wa kuni za miwati bado inanikasirisha. Wengine ikiwafikia wanakumbuka jiko la bibi; mimi nakumbuka uwanja wa kijijini kwetu, nje kidogo ya mji wa Njombe, baridi ya mwezi wa saba, ukungu umelala mpaka kwenye magoli ya miti, nyasi zimelowa, na sisi wasichana wa shule ya msingi tunapuliza viganja tukisubiri semina ianze. Semina haikuwa yetu. Ilikuwa ya vijana wa kujitolea waliofundishwa ukocha na mwezeshaji aliyetoka mbali, aliyevaa koti zito kuliko blanketi la kwetu. Sisi tulikuwa watoto wa kujifunzia. Neno alilolipenda ni "michezo jumuishi", na kila alipolitamka alinitazama mimi, kwa sababu mguu wangu wa kushoto ni mfupi na nachechemea.

Mama hakumwamini tangu mwanzo. Alikuwa anamenya viazi, hata kichwa hakuinua. "Angalia wasikufanye ng'ombe wa maonyesho," aliniambia. Nikanuna. Niliupenda mpira kuliko kula, na timu yetu ilikuwa inaandaliwa kwenda kucheza Makambako. Nilitaka kuingia uwanja ule kama mchezaji, siyo mtu wa kubeba maji. Na kweli mazoezini nikawa nafunga. Nikigusa tu mpira, njia inafunguka: beki mmoja anainama kufunga kamba za viatu, mwingine anateleza mahali pakavu, nami nachechemea mpaka golini. Hapo makocha wanapiga makofi ya kilo, yale ya kupangilia ya kwenye semina, kama vile nimefunga ndoa. Wenzangu wakifunga, kimya.

Mashaka yakaanza kunitafuna. Siku moja nikawapima. Nikaupiga mpira taratibu kabisa, ukabingirika kuelekea kwa golikipa wetu, rafiki yangu Tumaini, usawa wa miguu yake. Tumaini aliutazama kama anatazama kuku akipita, akasogea pembeni. Makofi. Tukiwa njiani kurudi nyumbani nikambana. Akasingizia jua limempiga machoni, na jua lenyewe tulikuwa hatujaliona tangu asubuhi.

"Kocha Mgaya ametuambia wewe usikabwe," alisema mwishowe. "Eti ukikabwa utalia, halafu mgeni atasema hawajui kufundisha."

"Na wewe ukakubali?"

"Sasa? Wewe unafunga, sisi tunapewa biskuti."

Kocha Mgaya alikuwa kijana wa jirani yetu. Kabla ya semina alikuwa akinifokea kama wengine, nikipoteza mpira ananiambia nimelala, na mimi nilikuwa napenda. Nilipomfuata kumuuliza, alitazama viatu vyake akasema, "Mdogo wangu, ndivyo tulivyoelekezwa." Yaani walimchukua mtu anayejua kufundisha, wakamfundisha kunionea huruma.

Makambako hakuna aliyekuwa ameelekezwa. Upepo wa kule ulikuwa unapeperusha vumbi la uwanja, na mpira wangu wa kwanza tu, msichana mmoja mwembamba aliniondolea mguuni kabla sijajua yuko upande gani. Wa pili vilevile. Sikujua kuulinda mpira kwa mwili, sikujua kugeuka mtu akiwa mgongoni. Msimu mzima sikuwahi kuwa na mtu mgongoni. Msichana yule alipopita tena aliniambia, bila ubaya wowote, "Cheza basi dada, unangoja nini?" Wakanitoa kabla ya mapumziko. Mwezeshaji akanipigia makofi, na makocha wake wote wakafuata. Sikulia. Nilikuwa na hasira, na ninayo mpaka leo.

Sasa nimeolewa hapahapa Makambako, na binti yangu Upendo ana mkono wa kulia usio na nguvu. Mwaka huu wamekuja vijana wengine wa kujitolea, wametoka semina, filimbi shingoni, lile neno lilelile mdomoni. Nilimpeleka kwa sababu alinisumbua, siyo kwa sababu nimewaamini. Kocha, binti mdogo kuliko mimi, alinisalimia kamwene kwa adabu akasema, "Usiwe na wasiwasi mama, tutamtunza."

"Sijamleta atunzwe," nikamwambia. "Mtamkaba, hamtamkaba?"

Akacheka, akaenda kupanga timu. Nikasimama pembeni ya uwanja kama askari. Upendo alipopata mpira nikawatazama mabeki mmoja mmoja, nione nani anainama. Mvulana mmoja akaja akamnyang'anya mpira, na mtoto chini, puu. Nilishapiga hatua kuingia. Upendo akainuka, akamkimbiza, akamvuta fulana mpaka ikafunuka mgongo. Filimbi ikalia.

"Faulo," kocha akafoka. "Upendo, ukirudia nakutoa."

Mwanangu akaanza kubisha, uso umemvimba kwa hasira. Jumamosi nitarudi kuwachunguza tena, maana siku moja si kitu. Lakini msimu wangu wote ule, mimi sikuwahi kupigiwa faulo hata moja.