Mshenga Aliyezama Sebuleni Kwangu

Jamani, hii habari naisimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kusikia wengine wakiisimulia vibaya sokoni, huyu anasema mzee alivunjika mguu (hakuvunjika), yule anasema nilimtegea makusudi, na aibu niliyoipata siku ile inanitosha bila kuongezewa chumvi.

Nyumba yetu ya hapa Dongobesh tuliinunua miaka ile mkoa wa Manyara ukiwa bado mpya, na kabla yetu ilikuwa mashine ya kusaga. Mwenyewe aliondoka na injini yake akatuachia tundu la bomba la moshi ukutani na, katikati kabisa ya chumba tulichotaka kiwe sebule, shimo la kupitishia mkanda, kina chake kiunoni. Mume wangu Paskali akasema tuite fundi alifukie. Mimi nikasema fundi wa nini na mikono ninayo? Tundu nikaliziba kwa vitako vya chupa za rangi rangi, jua likipiga panapendeza kama kanisani (hilo ndilo lililonipa kichwa), basi na shimo nikaligeuza stoo, nikapanga humo makopo ya rangi na ndoo ya chokaa niliyoikoroga kwa ajili ya jikoni, juu nikafunika kwa mbao za makreti, nikapigilia misumari, nikatandika kapeti la plastiki, na juu ya kapeti nikaweka ua kwenye kopo ili mtu asikanyage.

"Mbao hizi zinabeba mtu?" Paskali akauliza.

"Zinabeba ua," nikamjibu, na kweli ua zilibeba.

Sasa wakaja wageni wa posa ya binti yetu, Vero. Walisema watakuja wanne kutoka Maretadu, wakaja saba, wameongozwa na mshenga wao, mzee Akonaay, mtu mrefu wa koti zito na fimbo, ambaye hata watu wazima humwamkia wameinamisha kichwa. Viti vikabanana. Nikaangaza, nikaona nikiliondoa lile ua kiti chake kitaingia pale ukingoni, nikajiambia mzee atakaa tu, hatembei.

Kweli alikaa, chai ikanyweka. Kisha akasimama kuongea (hilo sikulipigia hesabu), akapiga hatua moja mbele.

"Sisi tumetoka mbali," akagonga fimbo. "Tumesikia humu ndani mna ua zuri," akagonga tena, na hakumaanisha langu la kwenye kopo. Mara kraa! Mzee akashuka wima, kapeti na yeye, mpaka kiunoni.

Mimi kwa kuchanganyikiwa nikapiga magoti pale ukingoni nikasema, "Shikamoo mzee!" na nilishamwamkia mlangoni.

"Marahaba," akajibu kutoka shimoni, maana salamu ni salamu. Kisha akauliza taratibu, "Mama Vero, kuna kitu kinaingia kwenye kiatu. Ni uji?"

"Ni chokaa, mzee."

Chokaa inaunguza, kwa hiyo akavutwa mbio mpaka uani, akamwagiwa maji, suruali ikavuliwa, nami nikamfunga kitenge changu cha tausi, ndicho kilichokuwa karibu. Wenzake wakamzunguka kule kwenye ua wa miti wakajadiliana kwa muda mrefu, na nikamsikia mmoja akisema ardhi haifunguki hivi hivi, hii ni ishara. Jikoni Vero alikuwa analia kwa kwikwi. "Mama, mimi nimekukosea nini?" Paskali alikuwa sebuleni anaokota vipande vya mbao kimoja kimoja, afadhali angenigombeza.

Wakarudi. Mzee Akonaay akasimama mlangoni na tausi wake, akakataa kuingia.

"Desturi tunaijua, upande wa mwanamume ndio hutozwa faini. Leo mtatoa ninyi. Mbuzi."

"Tumekubali," Paskali akasema, mzee hata hajafunga mdomo.

"Na shimo lifukiwe, tena lifukiwe na fundi. Hatuwezi kuleta ng'ombe kwenye nyumba yenye mitego."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba amesema kuleta ng'ombe. Nilipoelewa nikapiga vigelegele peke yangu, wageni wananitazama, mpaka Paskali akanivuta mkono.

Vero ameolewa na ana watoto. Kitenge hakijarudi, mke wa mzee alikipenda. Mzee mwenyewe mpaka leo akija hukaa kwenye benchi la nje, mvua inyeshe jua liwake, na mimi namletea chai hukohuko bila kumbembeleza aingie. Na nimeapa, kitu chochote cha nyumba kinachohusu kubeba uzito wa binadamu, sikigusi tena, hata nyundo nimeigawa.