Ukurasa wa Mwanzo wa Kitabu cha Susu

Mwalimu wa shule ya Jumapili alipompokonya binti yangu kitabu cha ibada mbele ya watu, akisema mtoto asiye na baba hawezi kulisomea kanisa, uvumilivu wangu uliisha. Nilimwendea nikakichukua mkononi mwake. Kilikuwa bado kinanuka moshi wa jikoni kwa susu, nyanya yangu.

Nilipokuwa mtoto, susu alikuwa akitwanga mahindi ya muthokoi, yale ya kukobolewa na kupikwa na maharagwe, huku nikimsomea ukurasa wa siku. Mchi ukisimama, nilijua nimeruka neno. Siku moja binamu zangu wakanicheka: "Wewe msomaji, baba yako ni nani?" Susu akaweka mchi chini.

"Fungua pale mwanzo, wanapoeleza mwandishi ni wa nani."

Nikasoma kwamba alizaliwa nje ya ndoa, mamake akimlea kwa kufulia watu nguo.

"Na bado tunamsoma," susu akasema, akishika mchi. "Endelea tumalize, maharagwe yataungua."

Jumatatu baada ya binti yangu kupokonywa kitabu, nilipeleka malalamiko kwa wazee wa kanisa, kwa maandishi: "Mwalimu amemkataza mtoto wangu kusoma kitabu cha ibada kwa sababu hana baba. Aliyekiandika pia hakuwa naye. Ama binti yangu asome Jumapili ijayo, ama mtafute kitabu kingine."