Nyota Tatu Juu ya Kichaka

Katuni ile iliingia nyumbani kwetu ikiwa imefungia misumari. Mume wangu alikwenda dukani kununua misumari ya kupigilia mlango wa banda la mbuzi, akarudi amenuna, misumari ameitia mfukoni hivi hivi na karatasi ameikunja mara nne kama cheti cha ubatizo. Nikajua leo kuna jambo. Nani anakunja karatasi ya dukani?

Ilikuwa miaka michache baada ya vita, pale Ihanda, mimi nikiwa katika mwaka wa tatu wa ndoa na binti yetu ndiyo kwanza ameacha kunyonya. Gazeti halikutufikia kama gazeti. Lilitufikia likiwa limefungia chumvi, kipande cha sabuni, dagaa, na ukibahatika ulisoma nusu ya habari. Nusu nyingine ilikuwa imekwenda kwa jirani na chumvi yake.

"Walikuwa wanne barazani," akaniambia hata hajakaa. "Wanacheka mpaka wanapigana mabega. Nilipotokea na baiskeli, kimya! Mmoja akampa muuza duka karatasi hii, na muuza duka akafungia misumari yangu humu humu. Rundo zima la magazeti liko pale. Kwa nini achague hii?"

Nikasema labda ndiyo iliyokuwa juu.

"Juu," akasema, akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Akaitandaza mezani. Zilikuwa picha nne. Ya kwanza, mwanamume mwenye kofia anaendesha baiskeli, mke wake nyuma kwenye keria, na maneno yanamtoka mume kinywani: "Mke wangu, nitakununulia kitenge." Ya pili, gurudumu limefika kwenye jiwe, kuna vistari vistari, na mwanamume bado anasema: "Na viatu." Ya tatu, mwanamume amekwenda mbele, keria tupu, anasema: "Na sufuria." Nyuma yake, kando ya barabara, kuna kichaka, miguu miwili ya mwanamke imechomoza imeelekea juu, na juu ya kichaka nyota tatu. Ya nne, mwanamume yuko mlangoni kwake, jua linawaka, amegeuza shingo: "Mbona hujibu? Hutaki?"

Basi. Hiyo ndiyo iliyotaka kunivunjia nyumba.

Lazima nieleze sisi tulivyokuwa tukipanda baiskeli, la sivyo utatuona wajinga, na wajinga hatukuwa. Kwetu ni milima. Mwanamke hukaa kwenye keria upande upande, miguu yote upande mmoja, na hamshiki mume wake kiuno. Kumkumbatia mwanamume barabarani, watu wanaona? Weee! Unashika springi za kiti, basi, unamwomba Mungu. Mkifika kwenye kilima unashuka. Mume anasukuma baiskeli kwa barabara inayozunguka, mke anachukua kikapu anapita njia ya mkato katikati ya migomba na mibuni, mnakutana juu. Hakuna aliyeulizwa kwa nini mke ameshuka. Keria tupu kwetu ilikuwa jambo la kila siku, kwa hiyo kichekesho cha keria tupu hatukukiona. Tulianza kutafuta kitu kingine.

Mume wangu alikipata.

Juu ya kilima cha kuelekea Kayanga, pale njia ya mkato inapotokea, kulikuwa na fundi cherehani. Alikuwa mwanamume aliyefiwa na mke, rika la mume wangu, Mlutheri kama sisi. Wazazi wake walihamia kutoka Rwanda, na kuna watu waliomhesabia hilo kama kosa alilolifanya yeye. Kila Jumamosi ya soko nilimsubiri mume wangu barazani kwake, kwenye benchi, mbele za watu, kwa muda wa kutosha kupumua na kunywa maji. "Karibu, shemeji," basi, na cherehani inaendelea kunguruma. Hayo ndiyo yote yaliyokuwapo kati yangu na fundi. Naapa leo kama nilivyoapa siku ile.

"Tazama," mume wangu akasema, kidole juu ya picha. "Anaahidiwa kitenge, hajibu. Mwanamke gani anakataa kitenge? Ni yule ambaye ana mtu wa kumpa kitenge. Na kitenge kinashonwa na nani?"

Mimi nilidhani anatania.

"Na hapa ameshuka kilimani. Hizi ni nyota. Ni usiku. Miguu iko juu, amelala. Amelala wapi na nani?"

"Baba wee! Kama ni usiku, mbona taa ya baiskeli haijawashwa? Na picha ya nne jua linawaka!"

"Ndiyo asubuhi yake," akasema. "Amelala huko huko."

Nikacheka. Sijui nilifikiri nini. Yeye alikuwa hajacheka tangu aingie, na kicheko changu akakipokea kama ungamo.

Nitasema kweli: hata mimi ile picha ilinitia wasiwasi. Niliitazama alipotoka nje, nikaigeuza, nikaisogeza dirishani. Sikuwa nimewahi kuona katuni zaidi ya mara mbili au tatu maishani mwangu. Kila nilivyoitazama, ile miguu ilizidi kuwa na maana mbaya. Nikaanza kuwaza, nani amechora? Anatujua? Wale wanne wa barazani wamesema nini kunihusu? Mmoja wao alikuwa amenisalimia wiki iliyopita kwa kujichekesha chekesha. Kumbe ndiyo hiyo? Nikajikuta nahesabu mara nilizokunywa maji ya yule fundi kana kwamba nimeiba.

Mama mkwe alikaa nyumba ya pili, katika kibanja hicho hicho chetu cha migomba. Jioni ile ile aliletewa karatasi. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye kichaka. Hakujua kusoma, lakini picha hazihitaji shule, au hivyo ndivyo alivyoamini.

"Mwanamke aliyeanguka," nikajaribu kusema, "labda..."

"Aanguke asipige kelele?" akanikatiza. "Na mume wake asisikie? Mimi nimepanda baiskeli ya marehemu baba yao miaka mingapi? Sijaanguka hata siku moja." Kisha akamgeukia mwanawe. "Watu hawachori bure, mwanangu."

Wiki ile nilikaa kama mgeni kwangu mwenyewe. Nikienda mtoni, binti mdogo wa jirani anatumwa "kuchota maji" nyuma yangu bila ndoo. Nikichelewa shambani, naulizwa. Nikiwahi, naulizwa kwa nini nimewahi. Na mimi nikaanza kumchunguza yeye: anaongea nini na mama yake, kwa nini wananyamaza nikiingia, kwa nini nguo za mtoto zimehamia kwa bibi yake. Lile la nguo za mtoto ndilo lililonikata maini. Nililijua vizuri. Mwanamke akirudishwa kwao, mtoto aliyeacha kunyonya anabaki na ukoo wa baba. Kwetu ni mbali, huko Kyerwa. Ningemwona binti yangu kwa kuomba ruhusa, na mimi si mtu wa kuomba omba.

Siku ya Alhamisi ndizi za pombe zikakamuliwa. Hapakuwa na harusi wala ubatizo. Nikamwuliza, rubisi ya nini? Akasema wazee wa ukoo watakuja Jumapili baada ya ibada, watuamue. Wakikuta sina hatia, vizuri. Nikikutwa nayo, baiskeli hiyo hiyo itanipeleka kwetu.

"Na mtoto?" nikauliza.

"Mtoto ana kwao," akajibu. Nilitaka kumrushia mwiko.

Jumamosi tukaenda soko la Kayanga kama kawaida, maana chumvi haingoji kesi. Tulipofika kilimani nikashuka, nikageukia njia ya mkato kwa mazoea. "Wapi?" akafoka. Akanitanguliza mbele ya gurudumu, nikapanda barabara yote ya kuzunguka kama mfungwa, yeye anasukuma nyuma yangu. Juu pale fundi akainua kichwa. "Shemeji, leo mmebadilisha njia?" Masikini, alikuwa anasalimia tu. Mume wangu akaninong'oneza, "Amejuaje njia yako?" Nikasema, "Si ninapita hapa kila Jumamosi?" Akasema, "Ahaa!"

Nikaapa moyoni kwamba sitafungua mdomo wangu tena. Nilinunua chumvi kimya, nikanunua dagaa kimya, nikavitia kwenye kikapu, nikapanda keria kimya. Yeye ndiye aliyekuwa anaongea. Kuteremka kile kilima, baiskeli inakimbia na upepo unavuma masikioni, akawa ananifundisha nitakavyojibu kesho. "Utawaambia wazee umeanza lini. Na utawaambia alikupa nini. Na usilie, ukilia watajua." Mimi nimeshika springi kwa mkono mmoja, kikapu kwa mwingine, naangalia migomba.

Halafu sikuwa kwenye baiskeli.

Sikuhisi hata kuruka. Nilihisi ubavu umegonga kitu, mguu umejikunja, na mtaro umenimeza kichwa chini, kanga imeshikwa na matawi ya mbuni. Pumzi ikakataa. Na mbele ya macho yangu, mchana kweupe, saa nane na jua lake, zikaja nyota. Nyota kabisa, nyeupe, zinacheza.

Nikaelewa. Jamani! Nyota zile hazikuwa usiku. Yule mwanamke ameanguka! Ameumia, mume wake hana habari, anaendelea kumwahidi sufuria na viatu! Nilitaka kucheka, mbavu zikanikataza, nikabaki nalia machozi ya kicheko na ya maumivu yakiwa yamechanganyika, miguu yangu mwenyewe imetazama mbinguni. Na sauti ya mume wangu naisikia inakwenda zake huko chini, "Na utawaambia..."

Mama mkwe alinisimulia baadaye kwamba mume wangu aliingia uani bado anaongea. Alisimama, akasema, "Mbona hujibu?" Akageuka.

Mimi nilijitahidi kushusha miguu chini, nikaketi nusu mtaroni. Goti lilikuwa limefura. Nikasubiri. Nilifikiri, sasa atakuja, ataniona, ataelewa, na ujinga wote huu utakwisha. Nilikuwa na furaha, naona aibu kusema hivyo, lakini nilikuwa na furaha kweli. Kesi imekwisha, mtoto wangu atabaki na mimi.

Akaja. Alikuwa ameacha baiskeli nyumbani, anakimbia kwa miguu, shati limetoka, macho yameganda juu ya kilima. Nikamwita. Sauti ikatoka kama ya kifaranga. Akafika pale, akaruka kitu barabarani, akapita. Hakugeuka kulia wala kushoto. Nikasikia nyayo zake zinapanda, zinapanda, kisha kelele huko juu barazani kwa fundi. Cherehani ikanyamaza. "Yuko wapi? Mtoe!" Nikasikia mlango unapigwa teke.

Nilikaa mtaroni nasikiliza mume wangu ananitafuta chini ya kitanda cha mtu.

Baada ya muda wakateremka wote wawili. Fundi alikuwa mbele, futi kamba bado imening'inia shingoni, anachungulia mtaro upande huu na upande huu. "Shemeji! Shemeji, uko wapi?" Ndiye aliyeona kanga. Akamwita mwenzake, akasogea pembeni, hakunigusa, akamwachia anitoe mwenyewe.

Mume wangu alisimama juu yangu. Akatazama goti langu. Akatazama barabara, jiwe lile pale. Uso wake ukafunguka polepole, kisha akapiga paja.

"Kumbe ameanguka! Yule mwanamke ameanguka! Nyota ni maumivu!" Akacheka mpaka akachuchumaa, machozi yanamtoka, akamgeukia fundi kumweleza picha zote nne, ya kitenge, ya viatu, ya sufuria, fundi wa watu hajui anaambiwa nini, mlango wake umevunjwa. "Wallahi nimeelewa," akawa anasema, Mlutheri mzima. "Nimeelewa!"

Mimi nilikuwa natazama barabara. Kikapu changu kilikuwa kimelala katikati kabisa, kimepinduka, dagaa wametapakaa njia nzima na chumvi juu yao. Nikakumbuka alivyoruka.

"Ulipopanda," nikamwuliza, "dagaa hukuwaona?"

Akafuta macho. "Niliwaona."

"Na kikapu?"

"Nilikiona."

"Ukafikiri nini?"

Fundi akainama akaanza kuokota dagaa, mmoja mmoja, ametupa mgongo.

"Nilifikiri umevitupa," akasema, "ili ukimbie vizuri."

Hakuna aliyecheka tena. Akaninyanyua, mkono wake begani kwangu, mbele ya fundi na mbele ya watu waliokuwa wameanza kusogea. Akasema kwa upole, kama mtu anayetoa zawadi, kwamba jioni ile ile atazunguka kuwaambia wazee wasije.

Nikamwondoa mkono begani, nikasimama kwa mguu mmoja.

"Waache waje," nikamwambia. "Nina neno nao mimi."