Nilivyomfumua Mwenyekiti Mbele ya Kanisa

Jambo hili sijalisema kwa mdomo wangu mwaka mzima na ushee, na hata sasa nikipita karibu na kanisa letu pale Isevya naona watu wananiangalia mikono kwanza ndipo wananisalimia, lakini acha niseme mwenyewe, maana shoga yangu wa kwaya analisimulia kila harusini na kila mara anaongeza chumvi (na siku hiyo alikaa nyuma kabisa, hakuona vizuri).

Mimi nafuma. Vitambaa vya makochi, vya meza, vya kufunikia redio, vyote nafuma kwa sindano ya kroshia na watu wanavipenda. Sasa mchungaji wetu akahamishiwa Urambo, akina mama tukakaa kikao cha kumuaga mkewe, na mwenyekiti wetu, Mama Kabula, mama mzito wa sauti na wa mwili, ambaye ukimpa shikamoo anakutazama kwanza ndipo aitikie marahaba, akauliza nani atafuma kitambaa cha meza. Ningesema "mimi" halafu ninyamaze, yangeishia hapo. Nikasema, "Mimi, tena nitafuma kile cha rangi mbili, upande huu bluu, ukigeuza cheupe, hakina ndani wala nje!" Nilikuwa nimekiona kwenye simu siku mbili kabla. Kuona tu, sijakigusa.

Kumbe kazi yenyewe ni kufuma nyavu mbili kwa mpigo, moja bluu moja nyeupe, kila uzi unapita kwenye matundu ya mwenzake, mbele, nyuma, mbele, nyuma, ukikosea tundu moja tu maua yote yanakuwa kama kuku amepekua. Nilifumua mara tisa. Mume wangu alinikuta nagombana na uzi, akachukua chai yake akaenda kunywea nje. Jumapili ya kuaga ikafika nimebakiza mstari mmoja, nikajiambia nitaumalizia kanisani taratibu wakati wa matangazo.

Nikakaa benchi la mbele na Mama Kabula. Alikuwa amejitanda shali nyeupe ya kufuma, ya matundu matundu, ambayo huivaa Krismasi na siku askofu akija, na ncha yake ikawa imeniangukia mapajani. Nyeupe juu ya nyeupe. Nikainama nikafuma, mbele, nyuma, mbele, nyuma, watu wakadhani nasali.

"Mwenyekiti wa akina mama, karibu na zawadi!" akaita msoma matangazo.

Mama Kabula akasimama, na mimi nikasimama. Sikupenda. Kitambaa kimeng'ang'ania shali, na mimi nimeng'ang'ania kitambaa.

"Nyamizi, kaa chini," akaninong'oneza.

"Siwezi, mama."

"Huwezi kwa nini?"

"Nimekufuma."

Tukaenda mbele hivyo hivyo, yeye anatembea, mimi narukaruka ubavuni, na kwaya wakadhani ndiyo mtindo wenyewe, ngoma zikapigwa, vigelegele, akina mama wakajipanga nyuma yetu wameshikana mabega wakirukaruka kama mimi, na donge la uzi wa bluu likatuponyoka likazunguka miguu ya mzee wa kanisa aliyeshika kapu la sadaka. Mama Mchungaji akapokea kwa mikono miwili, akavuta, Mama Kabula akamwangukia kifuani.

"Asanteni, nimepokea," akasema kwa adabu.

"Bado, mama," nikamwambia, "hicho bado kina mtu."

Hapo nikaona ncha ya uzi mweupe inaning'inia. Kitu cha kroshia ukipata ncha yake ya mwisho kinafumuka chenyewe, nikashukuru Mungu, nikavuta. Ikaja vizuri mno. Nikavuta na kuvuta, uzi unarundikana miguuni, mpaka bibi mmoja akapiga kelele, "Mayo wane, mama yangu! Mwenyekiti anaisha!"

Nikainua macho. Shali ilikuwa imebaki kama kola.

Mchungaji akavua miwani, akasema, "Tuombe," na katikati ya maombi sauti yake ikaanza kutetemeka kwa kicheko, ilipofika amina hakuna aliyeweza kuitamka.

Mama Kabula peke yake hakucheka. Alisema polepole, "Hii binti yangu aliifuma miezi mitano akiwa amelazwa na mimba." Basi nikalia pale pale, sindano mkononi, na kila nilipojifuta machozi nikajifuta kwa kile kile kitambaa cha zawadi ya Mama Mchungaji.

Kesho yake nilikwenda kwake kuomba radhi. Hakunikaribisha kiti. Alinitolea mfuko wenye ule uzi uliokunjamana, akampigia binti yake aliyeko Mwanza, na binti akacheka mpaka simu ikamdondoka, kisha akanielekeza shali inavyoanzwa. Nilifuma wiki sita sebuleni kwa Mama Kabula, yeye amekaa kona ya pili amelikusanya gauni lake mbali na sindano yangu, na siku ya tano ndipo chai ikaja.

Siku hizi nikifuma nakaa peke yangu uani, nimevaa fulana ya mpira isiyo na tundu, na mgeni akija namwomba anisalimie kutokea getini.