Mtoto Anakuita Nani?

Kazini walimwita Fupisha, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Ukimpelekea ukurasa wenye maswali kumi, atausoma mara moja, atasukuma kiti nyuma na kusema, "Fupisha." Ukirudi na saba, fupisha. Ukirudi na manne, atakuuliza hili la tatu linamsaidia nani, na ukibabaika tu, limekwenda hilo. Wenzake wawili katika kile chumba cha ghorofani, juu ya duka la vipuri vya baiskeli, walimtania kwamba siku ya ndoa yake alimwambia aliyewafungisha afupishe. Alicheka nao, lakini hakukana.

Na alikuwa na haki ya kujipiga kifua, tusimnyime. Kazi yake ilikuwa kutengeneza zile kurasa za simu ambazo mtu hukutana nazo kwanza anapojiunga na huduma: weka jina, weka namba, subiri ujumbe, thibitisha. Watu hudhani kurasa hizo huota zenyewe. Thubutu! Kuna mtu amekaa wiki nzima akigombana na neno moja. Zahanati moja ilikuwa na ukurasa wa kuomba foleni uliowaliza wagonjwa kabla hata hawajaiona sindano. Fupisha akaushusha mpaka maswali matatu, na foleni ikatembea. Tangu hapo aliingia kazini asubuhi kichwa juu.

Basi shule ya binti yake ilipokwama, mwalimu mkuu alijua pa kubisha hodi. Wanafunzi walikuwa mia nne na kumi na wawili, na programu ya simu ya shule ilikuwa na muhula mzima, lakini waliokuwa wamejisajili ni watu tisini na saba tu. Waliobaki walianza wakaishia njiani, na nani angewalaumu? Fomu ilikuwa na maswali kumi na manne. Iliuliza tarehe ya kuzaliwa ya mzazi, anuani ya kazini, namba ya simu ya pili na ya tatu. Katikati ilikuwa na orodha ndefu ya kuchagua wewe ni nani wa mtoto: baba, mama, bibi, babu, mjomba, shangazi, kaka, dada, mwingine.

Safari hii haikuwa mchezo. Muhula uliopita mtoto wa darasa la kwanza alichukuliwa getini na mtu ambaye mlinzi alidhani ni wa nyumbani kwao. Kweli alikuwa wa nyumbani kwao, Mungu saidia, lakini mama wa mtoto alihangaika saa mbili nzima roho mkononi. Mwalimu mkuu akaapa kwamba yatosha. Kuanzia Jumatatu ya kufungua shule, daftari la getini, lile la kusaini anayemchukua mtoto, litafungwa, na watoto wa madarasa ya chini watakabidhiwa kwa mtu ambaye picha yake imo kwenye tableti ya mlinzi, basi. Asiyejisajili, mtoto hatoki. Fupisha akaombwa aipange upya njia nzima ya mzazi kujisajili, na akaahidi wiki tatu bila hata kukohoa.

Alichofanya unakijua. Maswali kumi na manne yakawa matatu: namba ya mtoto ya shule, namba yako ya simu, na wewe ni nani wa mtoto. Ile orodha ndefu ya ndugu akaikata ikabaki Baba, Mama na Mlezi, kila nafasi mtu mmoja, na Mlezi alete barua yenye muhuri. Wenzake wakaijaribu, wakamaliza kwa dakika moja na sekunde kumi. Yeye mwenyewe akajisajili wa kwanza kabisa, Mama. Mumewe, aliyekuwa akifanya kazi mji mwingine, akajisajili kutoka hukohuko, Baba. Mambo safi.

Alhamisi kabla ya shule kufunguliwa, wakafanya majaribio kwenye bwalo la shule. Waliitwa watu ishirini, wale hasa wanaokuja kuchukua watoto kila siku, na mmoja wao alikuwa Mama Mkubwa.

Huyu lazima nikwambie ni nani. Alikuwa dada mkubwa wa mama yake Fupisha, na mama yule alipofariki, Fupisha akiwa na miaka minne, Mama Mkubwa alimbeba mgongoni siku ileile na hakumshusha tena. Alifanya kazi ya kupanga barua posta miaka thelathini, mpaka leo anajua namba za masanduku ya watu waliokwisha kuhama. Fupisha humwita Mama, kwa sababu ndiye mama. Sasa bibi huyu amestaafu na kazi yake ni moja: kumchukua mjukuu shuleni saa saba na nusu mchana. Mjukuu ni Maswali, binti wa Fupisha wa miaka sita, ambaye jina hilo amelifanyia kazi. Kengele haijawahi kulia Mama Mkubwa akiwa hajafika getini.

Basi akavaa miwani, akaweka namba ya mtoto, akaweka namba yake ya simu, bila kusaidiwa na mtu. Fupisha akiwa amesimama pembeni alijisikia raha. Likaja swali la tatu. Mama Mkubwa akaangalia majina matatu, akabonyeza Mama. Simu ikamjibu: Mama ameshasajiliwa. Akabonyeza tena. Simu ikarudia maneno yaleyale, na ukurasa ukajifunga.

Hakuwa peke yake. Meza ya nyuma, mwanamume mmoja aliyelea watoto wa mdogo wake alikuwa amebonyeza Baba, naye amefungiwa. Wakafungiwa mama wadogo wawili, baba mkubwa mmoja, na bibi mmoja aliyeanza kuilaumu simu yake mpya. Kati ya watu ishirini, kumi na mmoja walitolewa nje, na hakuna hata mmoja aliyedanganya. Sasa wewe niambie, mtu anayempikia mtoto, anayemchana nywele na kumtafutia kiatu kilichopotea kila asubuhi, umwekee maneno matatu mbele yake, achague lipi? Fupisha alikuwa analijua hilo tangu utotoni. Angeulizwa barabarani angelijibu bila kufikiri. Lakini alipokaa kwenye kiti chake cha kazi alilisahau, kwa sababu orodha ilikuwa ndefu naye alitaka kukata. Mganga hajigangi.

Akamwinamia, akamwambia kwa sauti ya chini achague Mlezi tu, barua watatafuta. Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Mama Mkubwa alivua miwani.

"Miaka ishirini na minane nakuosha, nakusuka, nakupeleka shule," alisema, wala hakupaza sauti. "Leo unaniambia nikatafute barua. Muhuri nikauombe kwa nani, kwako?"

Fupisha alisikia uso unamwaka moto. Akajaribu njia ya mkato. Akasema asihangaike, atamwingiza mwenyewe kutoka kwenye kompyuta ya ofisini, dakika moja imekwisha. Mwenzake mmoja aliyekuwa karibu akaongeza kwamba kweli, kuku wako mwenyewe, manati ya nini? Mama Mkubwa akawatazama wote wawili kama anavyotazama barua isiyo na anuani. Akauliza, na hawa kumi wengine, nao wana binti mwenye kompyuta? Hakutaka kuingizwa na mtu. Jumatatu angekuja getini na simu yake, ajisajili palepale, mwenyewe. Ikikubali, sawa. Ikikataa, angekaa pale getini mpaka mwalimu mkuu amtolee mtoto kwa mkono wake. Na Fupisha asije, asije kabisa, maana akionekana tu mlinzi ataona haya na kuwafanyia upendeleo. Ukishamjua Mama Mkubwa unajua hapo pamefungwa.

Bwalo likabaki tupu. Fupisha alikaa kwenye benchi la watoto, magoti yakimfikia kidevuni, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakujua akate nini. Hakulia, si mtu wa kulia kazini, ila iliuma. Alikuwa amemfungia mlango mtu aliyemfungulia yeye milango yote.

Mwisho akanyanyuka, akaenda dirishani kwa karani wa shule, mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye kalamu iliyofungwa kwa uzi mezani isiibiwe. Miaka kumi na saba aliandikisha watoto kupitia dirisha lile, na hakuna mtu wa programu aliyewahi kumuuliza chochote. Fupisha akamuuliza anawezaje, mbona yeye hakorofishani na watu? Karani akacheka mpaka kiti kikalia.

"Simuulizi mtu kama ni mzazi, atanijibu ndiyo," alisema. "Namuuliza, mtoto anakuita nani? Halafu namuuliza mtoto."

Akaeleza kwamba majibu mawili yakikutana, anaandika. Yasipokutana, anaita mtu wa nyumbani anayemfahamu. Miaka kumi na saba, hajakosea. Fupisha alimshukuru, akaondoka haraka, na njiani alikuwa akitembea kama mtu aliyesahau chungu jikoni.

Ijumaa asubuhi aliifuta ile orodha yote, Baba, Mama, Mlezi, pamoja na barua na muhuri wake. Mahali pake akaweka swali moja na nafasi tupu ya kuandika lolote: Mtoto anakuita nani? Ukishaandika, simu inakupiga picha, kisha ujumbe unakwenda kwa yule aliyemwandikisha mtoto shuleni. Yeye anasoma na kujibu. Akisema ndiyo, picha yako inaingia kwenye tableti ya mlinzi. Akisema hapana, huingii. Hatua zilikuwa zimeongezeka, maneno yameongezeka, muda umepanda mpaka dakika mbili na nusu. Wenzake wakapigiana makofi wakisema andikeni tarehe, leo Fupisha amerefusha. Aliwaacha wafurahi. Alishajua kwamba hii ndiyo kazi, na saa kumi jioni akaiachia itumike.

Mwisho wa wiki watu wakajisajili. Majibu yalikuja ya kila namna: Bibi, Babu, Anti, Mjomba, Mama Mdogo, Baba Mkubwa, Dada. Mmoja aliandika Kipara. Fupisha akashtuka, lakini mama wa mtoto alikuwa ameshajibu ndiyo, huyo ni kaka yangu. Jumatatu asubuhi waliokuwa ndani ni mia tatu na wanane. Mwalimu mkuu alipiga simu kumpongeza, naye akapokea pongezi bila kujinyenyekeza, kwa sababu zilikuwa zake. Lakini jina moja halikuwemo kati ya yale mia tatu na manane, na alilitafuta mara nne.

Saa saba mchana hakula. Saa saba na robo aliweka simu mezani mbele yake, kioo juu. Wenzake walijifanya wanafanya kazi. Alikuwa na imani na ukurasa wake, hilo usilitilie shaka, ila aliogopa mtandao, aliogopa jua linaloficha kioo cha simu, aliogopa zaidi miwani kuvuliwa kwa mara ya pili. Na Maswali alikuwa ndani ya geti lile.

Saa saba na dakika ishirini na tano simu ikatetemeka. Akaisoma.

Mtu ambaye mwanao humwita Bibi anaomba kumchukua mtoto. Unamjua?

Chini yake vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Maneno hayo aliyaandika yeye Ijumaa, akayahesabu, akaondoa moja. Hakuwahi kuyasoma kama mtu aliyetumiwa. Unamjua? Aliona mgongo wa Mama Mkubwa siku ya msiba, kitambaa cha bluu, harufu ya gundi ya bahasha. Aliona mkono unaomshika mbele ya geti jingine, shule nyingine, mtu dirishani akiuliza huyu ni nani wako, na mwenye mkono akijibu kabla yake, mimi ni mama yake. Akatafuta kwenye ukurasa mahali pa kuandika. Hapakuwepo. Alikuwa amekata mwenyewe.

Akabonyeza Ndiyo.

Alibaki akiitazama simu. Haikupita muda ikalia, na kelele za watoto zikaingia pamoja na sauti ya Mama Mkubwa. Mtoto alikuwa ametoka. Mlinzi aliangalia picha, akaangalia uso, akamuuliza Maswali huyu ni nani, na Maswali akamjibu mlinzi kwa maswali mawili yake. Kila kitu kimekwenda sawa, isipokuwa jambo moja.

"Umenisimamisha juani dakika tatu," Mama Mkubwa alisema. "Kitufe kimoja unakibonyeza dakika tatu?"

"Nilikuwa natafuta pa kuandika mengine, Mama."

Upande wa pili Maswali alisikika akiuliza kwa nini hawaendi.

"Mengine utaniambia nyumbani," Mama Mkubwa alisema, akakata simu.